Ulaini si ulegevu

Jumamosi iliyopita baba mmoja alimleta binti yake dojo kwetu, ukumbi ninakofundishia ju-jitsu. Alivua viatu mlangoni bila kuambiwa, jambo ambalo nalithamini sana, akakaa kwenye benchi mpaka darasa la watoto likaisha. Binti aliniamkia kwa sauti ya chini, nikalazimika kumsogelea ili niisikie hiyo shikamoo yake. Ana miaka 19, mwezi ujao anakwenda chuo Dodoma. Baba akasema: "Mwalimu, huyu hana mwili, unamwona mwenyewe. Ndiyo maana sikumpeleka kwenye ngumi. Nimeambiwa mchezo wenu hautaki nguvu, unamgeuzia adui nguvu zake mwenyewe. Mfundishe hata mbinu mbili tatu zimtoshe huko aendako. Tuna wiki tatu."

Huyo ni mzazi wa nne mwaka huu kuniambia maneno hayo hayo. Nafundisha ju-jitsu hapa Dar es Salaam tangu 2003, na kila mara nimelijibu jambo hili palepale kwenye benchi, mbio mbio, darasa likinisubiri. Leo nalijibu kwa kirefu, maana binti huyu anakwenda kukaa hosteli huku akiamini kitu kinachoweza kumuumiza.

Lawama naianzia kwangu. Bango langu la kwanza, nililolichora kwa mkono wangu mwenyewe, lilisema: "Mshinde mwenye nguvu bila kutumia nguvu." Nililiamini herufi kwa herufi. Lilining'inia mlangoni miaka miwili na likaniletea wanafunzi wengi, tena wengi wao wasichana wembamba kama huyu. Sisi walimu ndio tuliousambaza uvumi huu, na sisi ndio wa kuufuta.

Tuanze na neno lenyewe. Ju ni ulaini, jutsu ni ufundi. Wengine huandika jujutsu, wengine jiu-jitsu, ni kitu kimoja, tusipoteze muda hapo. Ulaini ni tafsiri nzuri kabisa. Tatizo ni kwamba mtu akisikia "laini" anaelewa "legevu", wakati Kiswahili hakijawahi kuyachanganya maneno haya. Kamba ya mkonge ni laini. Unaikunja, unaizungushia mkononi, unaiweka kapuni, na jioni unaifungia fahali akatulia. Uzi uliooza nao unakunjika vilevile, lakini ukiuvuta unakatika. Ukiviweka mezani vyote viwili vinapinda, na mtu asiyevivuta hawezi kukuambia kipi ni kipi.

Kuna jozi nyingine ya maneno ambayo watu wanaisahau: nguvu na mabavu. Ju-jitsu inakataza mabavu. Anayesukuma usimsukume, anayevuta usimvute, usipige ngumi ukuta ukaumiza mkono wako. Nguvu haijawahi kuikataza. Laiti mtu angenieleza tofauti hiyo mwaka 1990 nilipoanza nikiwa na miaka 16, ningeokoa miaka kumi na tano.

Sasa twende kwa huyo ambaye kila mtu anadai anamnukuu. Jigoro Kano, Mjapani aliyeanzisha judo, alijifunza ju-jitsu ya shule mbili, Tenjin Shin'yo-ryu na Kito-ryu, kabla ya kufungua dojo lake la Kodokan mwaka 1882 kwenye hekalu la Eishoji, Tokyo, ukumbi wa mikeka 12 ya tatami. Alikuwa mtu mfupi, na aliingia kwenye ju-jitsu kwa sababu alichoka kuonewa shuleni na vijana wenye miili. Kama kuna mtu aliyekuwa na haki ya kutangaza kwamba nguvu hazina kazi, ni yeye. Badala yake alitoa mfano wa hesabu, na mfano huo ndio uliozaa uvumi wote huu, kwa kuwa watu wameusikia nusu.

Tuseme, alisema Kano, mtu aliye mbele yangu ana nguvu kumi, mimi nina saba. Akinisukuma kwa nguvu zake zote nami nikimpinga kwa zangu zote, nitarudi nyuma au nitaanguka, saba haiwezi kumi. Lakini nisipompinga, nikarudisha mwili wangu kwa kadiri ile ile anayosukuma, huku nikilinda mizani yangu, yeye atainama mbele na mizani yake itavunjika. Akiwa katika hali hiyo, nguvu zake kwa muda ule ni kama tatu. Mimi bado nina saba zangu. Naweza kumwangusha kwa nusu yake, yaani tatu na nusu, na nusu nyingine ikabaki akiba.

Hapo watu wanapiga makofi na kuondoka. Naomba mrudi mkae.

Angalia namba saba. Kano hakusema sifuri. Hakusema mbili. Alijipa saba kwa kumi, yaani mtu aliyepungukiwa kidogo tu na mpinzani wake. Na hiyo saba alikuwa ameihangaikia: alipokuwa kijana alisumbuliwa dojo na mwenzake mzito aitwaye Fukushima Kanekichi, akajaribu mbinu za sumo zikashindikana, akaenda maktaba kusoma vitabu vya mieleka ya Kizungu mpaka akatoka na kata-guruma, ile ya kumbeba mtu mabegani na kumtupa. Kumbeba mabegani! Hebu mwambie binti wa kilo 45 ambaye hajawahi kuchuchumaa na mzigo ambebe mabegani mwanamume wa kilo 90, halafu uniambie kwamba mbinu haitaki nguvu. Mbinu ndiyo iliyomfikisha Kano chini ya Fukushima. Kusimama na mzigo ule ilikuwa kazi ya mapaja.

Sasa tumia hesabu ile ile kwa binti wa Jumamosi. Tuseme nguvu zake ni mbili. Afanye kila kitu sawasawa: arudi nyuma kwa kadiri, alinde mizani, amvunje yule mtu mpaka abaki na tatu. Mbili haiangushi tatu. Amefanya ju-jitsu safi kama ilivyo kitabuni na bado hajamwangusha. Huyo ndiye mtu ambaye bango langu lilimdanganya. Najua namba za Kano hakuna aliyezipima kwa mizani ya dukani, ni mfano tu. Lakini anayetaka kuutumia mfano autumie mzima, asichague vipande vinavyompendeza.

Angalia pia maneno "kwa kadiri ile ile". Hapa ndipo ninapokasirika zaidi, na wanafunzi wangu wanajua. Ukirudi mapema, mwenzako anahisi hewa mbele yake, anajirekebisha, na kuzushi, yaani kumvunja mizani, hakuna. Ukichelewa, umeshasukumwa, mizani iliyovunjika ni yako. Nafasi iliyopo katikati ni ya kufumba na kufumbua, na haionekani kwa macho, inasikika mikononi kupitia kola na mkono wa gi, nguo yetu ya mazoezi. Kuisikia kunahitaji mikono isiyokakamaa, ndiyo ulaini wenyewe huo. Kuisikia kisha kuingia kunahitaji miguu inayokwenda bila kuulizwa. Miguu hiyo haipatikani kwa mbinu mbili tatu. Inapatikana kwa uchikomi, yaani kurudia kuingia kwenye mbinu bila kumtupa mwenzako, mara maelfu, siku ya mvua, siku ya joto, siku ya mgao wa umeme mkiwa na taa moja ya sola. Mzazi anaponiambia wiki tatu huwa natamani kumshika mkono nimsimamishe kwenye tatami, arudi nyuma kwa kadiri ile ile mara moja tu, aone.

Na neno la tatu: "akinisukuma". Mfano mzima unadai adui awe anasukuma au anavuta. Kano aliliona pengo hilo na akaliandika mwenyewe, ingawa hakuna anayepeleka kipande hicho kwenye bango. Alisema kanuni ya kukubali na kufuata haitoshi kwa kila hali. Mtu akikukamata kifundo cha mkono akakibana, unamfuata kwenda wapi? Utajikwamua kwa kuupeleka mwili wako wote dhidi ya vidole vyake, na huko ni kutumia nguvu dhidi ya nguvu. Vivyo hivyo akikukamata kwa nyuma. Ndiyo maana kanuni aliyoiweka juu ya zote ilikuwa seiryoku zen'yo, matumizi bora kabisa ya nguvu za mwili na akili. Matumizi bora ya nguvu. Huwezi kutumia vizuri kitu ambacho huna.

Akikukamata kwa nyuma. Hapa Dar tunaita roba, wengine kabali, wenzetu wa Nairobi wanaita ngeta. Kila binti anayekuja kwangu anaiogopa hiyo kuliko kitu kingine, na hiyo ndiyo hali ambayo mwanzilishi wa judo alisema ulaini peke yake hautoshi. Kabali iliyokaa vizuri inabana mishipa ya damu pande zote mbili za shingo, na kwa sekunde kama kumi hivi mtu amezimia. Hizo sekunde hazina nafasi ya falsafa.

Nitasimulia yangu, kwanza ile ya Unguja, kisha ya njiani.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa mtu mwema, na mpaka leo nikipita mtaa wake naingia kumwamkia. Alitufundisha kwenye ukumbi wa shule, juu ya magodoro ya sponji yaliyofunikwa turubai. Neno lake lilikuwa moja: "Usitumie nguvu." Nilikuwa mwanafunzi wake bora. Nilikuwa laini, kila mtu alisema. Nikimgusa mtu kifundo cha mkono, kote-gaeshi, ile mbinu ya kukigeuza kifundo, anaruka juu na kuanguka kwa kishindo kizuri. Miaka mingi iliyofuata nilikuja kuelewa kwamba walikuwa wanaruka. Tulikuwa tumefundishana kuanguka kwa heshima. Hakuna aliyekusudia udanganyifu. Ukimpinga mwenzako ulionekana huna adabu, basi tukawa hatupingani.

Mwaka 2005, nikiwa tayari nina dojo langu na bango langu, nilipanda boti kwenda Unguja. Huko judo ina mizizi, kwani kuna Mjapani aliyehamia na kuifundisha vijana kwa miaka mingi, na nilitaka kuona randori yao, yaani mazoezi ya kupingana kwelikweli. Walinipa mwenzangu wa mazoezi, kijana mvuvi, mkubwa kwangu kwa kilo ishirini hivi. Alinishika kola taratibu, mikono yake imetulia kabisa, sikuhisi uzito wowote. Nikajaribu kila nilichokijua. Alikuwa anapinda na kurudi, anapinda na kurudi. Halafu nikahisi kola yangu imekuwa chuma, nami nikapigwa mwereka ambao sikuuona ulikotoka. Mara saba, dakika tano. Mkono uliovuta nyavu tangu utotoni ndio ulionishika, na ulikuwa laini kuliko wangu.

Tulipopumzika alinipa maji, akaniambia kwa upole wa watu wa kwao: "Dada, wewe hujawa laini. Umelegea."

Nilirudi Dar na boti ya jioni, nikashusha bango usiku uleule. Mwezi uliofuata nilinunua kamba nene, nikaifunga kwenye boriti ya dojo, nikaanza kuning'inia. Nilikuwa na miaka 31 na siwezi kujivuta hata mara moja.

Mwaka 2006, saa moja jioni, nilipigwa roba kwenye njia ya mkato ninayoipita kila siku. Nilikuwa na mafunzo ya miaka 16. Nieleze kilichotokea, maana watu wakisikia mwalimu wa ju-jitsu kapigwa roba wanasubiri seoi-nage, jambazi aruke juu ya bega. Hakuna aliyeruka. Nilipeleka kidevu kwenye kiwiko chake, nikaning'inia kwa mikono miwili kwenye mkono wake mmoja kama ninavyoning'inia kwenye kamba, nikashusha makalio chini, nikatoa nyonga pembeni, nikakanyaga kanyaga miguu yake. Tulikwenda hivyo, sijui muda gani. Kisha akaniachia, na mwenzake, ambaye sikujua kama yupo, alikuwa ameshachukua mkoba. Sauti yangu ilipotea wiki nzima.

Je, niliokoka kwa ju-jitsu? Nimejiuliza swali hili kwa karibu miaka ishirini. Kidevu na nyonga ni mafunzo, hilo nina hakika, vilikwenda vyenyewe. Mikono iliyokataa kuachia ni kamba ya boriti, nina hakika kiasi. Lakini inawezekana waliniachia kwa sababu tu mkoba ulikwisha chukuliwa, na hata mwanamke asiyejua lolote angeachiwa dakika ileile. Vitabu vya kujilinda havina sura ya jambo hilo. Mwanafunzi akiniuliza namjibu kama nilivyoandika hapa.

Kuna wanaonijibu kwa historia, basi niipitie upesi. Samurai, wapiganaji wa zamani wa Japani: shule ya Takenouchi, mojawapo ya kongwe zaidi zinazojulikana, inahesabu mwanzo wake mwaka 1532, enzi ya vita. Ju-jitsu yao ilikuwa ya mtu aliyevaa deraya ambaye upanga umemtoka mkononi au hauna nafasi ya kuchomoka. Mtu huyo ametembea maili na mzigo wa vita mwilini. Hakuwa mnyonge anayetafuta njia ya mkato. Walipotungiana kanuni za kutotumia mabavu, walikuwa wanazungumza na watu ambao nguvu walishakuwa nazo, na tatizo lao lilikuwa kuzitumia vibaya. Sisi tumeichukua dawa ya mgonjwa mmoja tukampa mwingine.

Wengine hunitajia Royce Gracie, Mbrazili wa jiu-jitsu. Kweli, Novemba 1993, Denver, kwenye mashindano ya kwanza ya mapigano ya UFC, alishinda watu watatu usiku mmoja, bila mgawanyo wa uzito, naye alikuwa mwembamba kuliko baadhi yao. Niliiona kanda yake miaka mingi baadaye kwenye banda la video na nikalia kwa furaha. Lakini wengi wa aliowashinda hawakujua kupigana chini. Hawakujua kabisa, walikuwa kama mtu asiyejua kuogelea aliyevutwa baharini. Kila mtu alipojifunza kuogelea, mambo yalibadilika: mwaka 1997 UFC wenyewe wakaanza kugawa watu kwa uzito, na mwaka 2006 Royce alipokutana na Matt Hughes, mwanamieleka mwenye nguvu kubwa na mwenye uzito sawa na wake, alimalizwa raundi ya kwanza. Hata baba yake, Hélio, yule anayesifiwa kama mfano wa mtu mdogo anayewashinda wakubwa, alikutana na mwanajudo wa Kijapani Masahiko Kimura pale Maracanã, Brazil, mwaka 1951. Kimura alikuwa mzito zaidi na alijua kila alichokijua Hélio. Mkono wa Hélio ulivunjika, watu wa kona yake wakarusha taulo, na tangu hapo mbinu ile ya kupinda mkono inaitwa Kimura.

Na Wajapani waliumia kabla yetu. Olimpiki ya Tokyo, 1964, judo ikiingia kwa mara ya kwanza, kulikuwa na vitengo vitatu vya uzito na kimoja cha wazi. Kile cha wazi ndicho kilichobeba heshima ya taifa, kwa kuwa ndicho cha kuthibitisha kwamba ufundi hauangalii mwili. Anton Geesink, Mholanzi mwenye urefu wa karibu mita mbili, alimlaza Mjapani Akio Kaminaga kwa kesa-gatame, mbinu ya kumbana mtu chini, mpaka muda wa kubana ukatimia, ukumbi wa Budokan ukiwa kimya. Kisha watu wakasema ni ukubwa tu. Hapana! Geesink alikuwa amefanya mazoezi Japani kwenyewe, kesa-gatame yake ilikuwa ya mtu aliyesoma. Kikubwa chenye ufundi kilikutana na kidogo chenye ufundi. Leo judo ya wanaume ina vitengo saba, kuanzia kilo 60 hadi zaidi ya 100, na ya wanawake saba, kuanzia 48 hadi zaidi ya 78. Kama mbinu ingefuta uzito, mashirikisho yasingehangaika na mizani kabla ya mashindano.

Juzi kijana mmoja wa kike alinitumia picha ya Edith Garrud. Nampenda sana huyo mama. Alikuwa na urefu wa kama sentimita 150, na London mwaka 1913 aliwafundisha ju-jitsu wanawake waliokuwa wakiwalinda viongozi wao wa kudai kura wasikamatwe na polisi. "Ona Sensei, alikuwa mfupi kuliko wewe!" Ndiyo. Na kabla hajagusa ju-jitsu alikuwa mwalimu wa mazoezi ya viungo. Alifika kwenye ju-jitsu akiwa na mwili uliokwisha kuandaliwa. Sehemu hiyo ya habari zake haikuwa kwenye picha.

Msinielewe kwamba nauza kukata tamaa. Mimi nina kilo 54 na watu wa kilo 80 naangusha kila wiki. Ufupi una faida zake, tena kubwa. Anayetaka cha mvunguni sharti ainame, na mimi siinami, nimeshafika: nyonga zangu ziko chini ya nyonga za mwanamume mrefu kabla hajajua nimegeuka. Seoi-nage na o-goshi, ule mtupo wa nyonga, ni mali ya wafupi. Mrefu akitaka kufanya hivyo lazima ajikunje. Na mtu mdogo aliyejenga mgongo, mapaja na mshiko wa vidole anaweza kutoka kwenye mbili kwenda nne au tano, na hapo hesabu ya Kano inaanza kumfanyia kazi. Hilo ndilo ninaloliuza. Linachukua miaka, na limebadilisha maisha ya wasichana wengi ambao nimewaona kwa macho yangu.

Mkanda mweusi nao? Watu hudhani ndio mwisho wa safari, tena kwamba mwenye nao lazima asajili mikono yake polisi. Nipite haraka. Ni mwanzo, "shodan" maana yake ni daraja la kwanza. Na sijasajili mikono yangu kituo chochote cha polisi, msiniulize tena.

Kuna shaka moja nisiyoipenda lakini nitaiandika. Ju-jitsu yetu ya jadi ina mbinu nyingi ambazo hatuwezi kuzifanyia randori: kuvunja vidole, kupiga koo, kuingiza kidole jichoni. Tunazifanya polepole, kwa makubaliano. Kano alizitoa nyingi kwenye randori ili watu wapingane kwa nguvu zote bila kuuana, na matokeo yake watu wa judo, wenye mbinu chache zisizo za hatari, wanaangusha watu wanaokataa kuanguka, na wetu wengi hawawezi. Nafundisha zile za koo na vidole kwa sababu nilirithishwa, na kwa sababu naogopa zikifa mikononi mwangu. Lakini nikiwa mkweli, sina ushahidi wa mikono yangu mwenyewe kwamba zinafanya kazi. Mshiko, nyonga, kuanguka na kuinuka, hizo nimezijaribu mara elfu na mtu asiyetaka. Kwa hiyo siku hizi kati ya dakika 90 za darasa, 60 ni za kupingana.

Nyingine ni ya umri. Nina miaka 51. Goti la kushoto halipendi ngazi. Saba yangu imeshakuwa tano, na ukipiga hesabu utaona kwamba nusu ya tano haitoshi tena kwa tatu ya mpinzani, lazima nitoe zaidi, akiba inaisha. Kinachonibeba ni kwamba muda wangu umekuwa mzuri kuliko nilipokuwa na miaka 30. Nasikia msukumo ukiwa bado begani kwa mtu, haujafika mkononi. Je, nikifika nne? Tatu? Ipo siku ambayo masikio haya ya mikono hayatatosha kufidia, na sijui itakuja lini. Wazee walioniongoza hawakulisema hili, waliacha tu kuingia randori na kuanza kukaa pembeni wakiwa wameshika fimbo. Nami nitakaa, lakini nitawaambia wanafunzi kwa nini.

Turudi kwa baba wa Jumamosi. Nilimwambia hivi, naye alisikiliza vizuri: wiki tatu zinatosha kumfundisha binti kuanguka bila kuvunjika mkono, kitu ambacho kitamfaa bafuni na barabarani mpaka atakapokuwa bibi. Zinatosha kumfundisha kupiga kelele kutoka tumboni, kuona mapema nani anamkaribia, kukimbia bila kuona aibu, na kuzoea kushikwa kwa nguvu bila akili kuganda. Hili la mwisho silidharau hata kidogo. Wanafunzi wangu walioshambuliwa, wengi walikuwa wanamjua mtu huyo, na walichoniambia karibu wote ni kwamba waliganda. Lakini kumwangusha mwanamume aliyedhamiria, kwa wiki tatu, hapana. Akifika Dodoma atafute klabu ya judo au ju-jitsu aendelee. Na kabla ya yote ashike kamba.

Baba alikunja uso kidogo, akaniuliza kamba inahusu nini na mbinu. Nikamwonyesha boriti. Binti aliruka, akashika, akadondoka baada ya sekunde tisa, viganja vyekundu.

Jumatatu alikuja peke yake kwa daladala, amevaa traki ya shule. Sekunde 11. Alhamisi 14, na shikamoo yake niliisikia nikiwa bado ofisini.